Aliyekaa Chini

Swali la tano, daftari la Nuriati, darasa la sita:
Mtaje shujaa wa zamani ambaye ungependa kukutana naye.
Toa sababu tatu.

Nyumba nzima ikaingia kwenye mtihani.
Kidawa akataka malkia, yeyote, mradi ana dhahabu.
Baba yake mdogo, aliyewahi kuwa mgambo wiki tatu,
akataja majemadari hadi chai ikapoa.
Mpangaji wa chumba cha uani akasema
yeye angependa kukutana na aliyebuni kodi ya pango,
ana neno naye.

Mimi nikanyamaza.
Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa masjala
pale bandarini, chumba cha chini,
ambako mafaili huota ukungu kama mkate.
Nimewajua wafu kwa namba zao za mishahara.

Kuna ukurasa mmoja. Sikuuiba, ingawa nilitamani.
Orodha ya malipo, vibarua wa gati, miaka ya arobaini.
Safu ya kwanza, jina: Mkwepu Salehe Kondo.
Safu ya pili, dole gumba,
wino umeburuzika kidogo kushoto,
kama mtu aliyeondoa mkono kabla hajaruhusiwa.
Safu ya mwisho, sababu ya kukatwa senti hamsini,
kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyeshiba:
Alikaa chini.

Basi.
Wa juu yake kavunja kreti, wa chini yake alilewa.
Yeye alikaa chini.

Huyo.

Ningemsubiri langoni na kahawa chungu, vikombe viwili,
na kashata ndani ya karatasi.
Nisingemuuliza habari za uhuru;
hayo tumemwandikia mgongoni sisi tuliokuja baadaye.
Ningeanza, Mzee... hapana,
angekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu,
ningepaswa kumwita mwanangu, na ulimi ungegoma.
Ningemuuliza: jua lilikuwa wapi?
Ulikalia nini, robota la katani au saruji tupu?
Mzigo uliutua kwanza, au ulishuka nao?
Mnyapara alisema nini mara ya pili?
Ya kwanza naijua.
Na jioni, kule Keko, ulimwambiaje mkeo?
Unga mlikopa kwa nani?
Na je, hili ndilo hasa lililonileta,
kuna aliyekaa wa pili?

Maana ukurasa unaofuata umeliwa na mchwa.

Naye angekunywa taratibu,
akatazama viatu vyangu vinavyong'aa,
kalamu mbili mfukoni,
kisha aniulize bila ubaya, kama mtu anayeuliza saa:
"Na wewe, bwana karani, ulikaa lini?"

Hapo ndipo ninapoishiwa.
Mimi nilikuwa mtu wa kusimama.
Alipoingia meneja nilisimama.
Alipoingia dereva wa meneja nilisimama.
Mwaka ule walipopunguza watu,
wakaitwa majina kina Mzuzuri na Bi Chuma,
nilisimama dirishani nikiwahesabia mafao,
nikarudia hesabu mara mbili, isije ikakosewa.

Nikamwambia Nuriati: andika Mkwepu Salehe Kondo.
"Alifanya nini?"
Alikaa chini.
"Sababu ya pili?"
Hiyo hiyo.
"Babu, mwalimu anataka tatu."

Daftari limerudi Jumatatu, wino mwekundu:
Huyu si mtu mashuhuri. Mbili juu ya kumi.
Nuriati kanuna, uji wake kaugeuzia ukutani.

Usiku umeme ukakatika Temeke nzima.
Nikatoka barazani, nikakipita kiti,
nikashuka hadi sakafuni, goti moja, kisha la pili,
yote mawili yakilalamika.
Saruji ilikuwa bado na joto la mchana.
Sikujua mikono niiweke wapi.

Mlangoni kikatokea kichwa, na sauti
ya mtu aliyesahau kuwa amenuna:
"Babu, umeanguka?"